Doktora ya saikolojia: faili lako litasomwa na asiyeijua Lubumbashi

Chukua karatasi ya alama ya mtu aliyemaliza saikolojia hapa Lubumbashi katika mfumo wa zamani. Chini, karibu na muhuri, pameandikwa asilimia 68, Satisfaksio. Waliosoma naye wanajua 68 hiyo ilitoka jasho: Distinksio huanzia 70, Distinksio Kubwa 80, na anayegusa 90 ni wa kuhesabu kwa vidole. Huenda mwenye karatasi alikuwa wa nne kati ya wanafunzi sitini. Sasa karatasi hiyo ifike mbele ya kamati ya chuo kikuu cha Marekani. Msomaji wa huko amezoea kwamba 90 ni A na 68 ni D, alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Anaiweka pembeni, anachukua faili linalofuata. Programu yake ya kliniki inapokea watu 5 hadi 8 kwa mwaka na waombaji ni mamia. Hana sababu ya kurudi nyuma kuuliza.

Neno lisansi nalo lina mtego wake. Zamani ilikuwa miaka 3 ya gradua na 2 ya lisansi, jumla 5. Sheria ya elimu ya Februari 2014 ikaleta LMD, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo huo ukaenezwa nchini: lisansi miaka 3, masta 2, kisha doktora. Leo basi kuna watu wawili wenye diploma ya jina lilelile, mmoja kakaa darasani miaka 5 na mwenzake 3. Msomaji wa ng'ambo akiachwa peke yake atachukua hesabu ndogo. Vyuo vya Ubelgiji ya Kifaransa vinataka anayeingia doktora awe na masta ya kredi 120, au masomo yatakayokubaliwa kuwa sawa nayo, yaani kredi 300 kwa jumla. Mwenye lisansi ya zamani ana hoja, kwa kuwa miaka 5 mara kredi 60 inatimia 300, lakini hesabu hiyo aifanye mwenyewe kwenye karatasi, asingoje kufanyiwa. Na hata hivyo chuo kinaweza kumwambia asome masta kwanza.

Hoja yangu iko hapo. Naona waombaji wetu wengi hawaangushwi na uchache wa akili. Wanaangushwa na faili lililoandikwa kana kwamba msomaji wake ni mtu wa hapa, anayejua shule zetu, adabu yetu na shida zetu. Kila kipande cha faili, hadi mahojiano yenyewe, kina kosa hilohilo kwa sura nyingine.

Kwa alama, dawa ni ukurasa mmoja kutoka kwa katibu wa fakultati, wenye muhuri, uambatane na karatasi ya alama. Useme mambo matano: ngazi za alama zinavyosomwa hapa, nafasi ya mwanafunzi na idadi ya darasa lake, miaka ya masomo, idadi ya saa au kredi, na lugha ya kufundishia. Omba ukurasa huo mapema, miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu ofisini utaambiwa "pita kesho" zaidi ya mara moja. Kama unaomba kwa Kiingereza, karatasi za Kifaransa zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Baadhi ya vyuo vya Marekani vinataka pia diploma yako itathminiwe na shirika la kulinganisha diploma za nje kama WES, vingine huidai baada ya kukukubali tu. Soma kwanza, ndipo ulipe.

Kabla ya kukusanya karatasi, lakini, mtu ajue ni doktora gani anayoiomba, kwa maana jina ni moja na kazi ni mbalimbali. Marekani, doktora ya saikolojia ya kliniki humtoa mtu akiwa mtafiti na tabibu kwa pamoja. Huchukua miaka 5 hadi 7, na mmoja kati ya hiyo ni wa mafunzo ya kazi hospitalini au kliniki. Kuna PhD, iliyojengwa juu ya mkutano wa Boulder wa 1949 uliotaka tabibu awe pia mwanasayansi, na kuna PsyD, iliyopata nguvu kwenye mkutano wa Vail wa 1973, ambayo huegemea matibabu. Tofauti inayotuhusu zaidi ni ya mfuko: PhD nyingi humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho, PsyD nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe. Kwa mtoto wa mitaa yetu kama Katuba au Ruashi asiye na mfadhili, PsyD ni deni ambalo mshahara wa hapa hauwezi kulilipa. Nasema wazi, asiiombe.

Ubelgiji na Ufaransa ni habari nyingine. Huko doktora ni utafiti mtupu. Jina la mwanasaikolojia linalindwa na sheria, Ufaransa tangu Julai 1985 na Ubelgiji tangu Novemba 1993, na mtu hulipata kwa masta. Anayeondoka akitumaini kurudi kuwa mganga wa akili kwa sababu ya tezi (tasnifu ya doktora) ya miaka minne amejidanganya. Atarudi mtafiti na mwalimu, jambo zuri ikiwa ndilo alilolitaka. Afrika Kusini, ambako macho ya wengi hapa hutazama kwa kuwa basi la Kasumbalesa linaelekea huko, masta ya kitaalamu ndiyo mlango wa kusajiliwa kutibu. Doktora ni ya utafiti.

Kwa asistenti aliye tayari chuoni, njia ninayoiona bora ni kotuteli: promoteri (profesa msimamizi) mmoja hapa, mwingine ng'ambo, na mwanafunzi kwenda na kurudi. Ubelgiji, ARES upande wa Kifaransa na VLIR-UOS upande wa Kiflemi ndizo taasisi za kuangaliwa kwanza kwa ufadhili. Nafasi ya kazi haipotei, data inakusanywa kwa watu unaowajua, na tezi inaandikwa ukiwa umesimama kwenye swali la nyumbani.

Promoteri hatafutwi kwa barua ya kumsifu. Barua pepe ya kwanza iwe na maneno 150 hadi 200. Mstari wa kwanza useme wewe ni nani na unaomba nini. Mistari mitatu iseme swali lako. Mistari miwili itaje makala yake moja uliyoisoma kweli, na ni kitu gani ndani yake kinagusa swali lako. Mwisho uliza jambo moja tu: je, unapokea mwanafunzi mpya msimu huu? Ambatanisha CV ya kurasa mbili na muhtasari wa mradi, kurasa mbili pia. Kwa Marekani itume Septemba au Oktoba, maana tarehe za mwisho nyingi ziko karibu na Desemba 1. Asipojibu kwa wiki tatu, mkumbushe mara moja, kisha nyamaza. Kinachoharibu ni barua moja kwa maprofesa arobaini, imeanza na "Mheshimiwa Profesa" bila jina, ikiwasifu kwa utaalamu "unaojulikana dunia nzima". Mpokeaji huijua kabla hajamaliza mstari wa pili.

Barua za mapendekezo kwa kawaida ni tatu, na hapa ndipo desturi yetu inapotuumiza kimyakimya. Barua tuliyoizoea ni aya moja: mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba fulani ni mtu wa tabia njema, mwenye bidii, muhuri, tarehe. Kwa mwajiri wa mjini inatosha. Kwa kamati ya doktora, barua ya namna hiyo inasomwa kama ya mtu asiyemjua mwanafunzi, au anayemjua na hana la kumsifu. Wanataka mifano: alifanya mahojiano mangapi kwa memwari (kazi ya utafiti ya kumalizia masomo), alikosea wapi akajirekebisha, akilinganishwa na wanafunzi wa miaka kumi iliyopita anasimama wapi. Profesa mwenye wanafunzi mia tatu hatayakumbuka hayo. Mpelekee, wiki sita kabla, ukurasa mmoja wenye muhtasari wa memwari, alama ulizopata kwake, kazi ulizofanya, na orodha ya vyuo na tarehe zake. Mkumbushe wiki mbili kabla na siku tatu kabla. Mweleze kwamba kiungo cha kupakia barua hutumwa na chuo moja kwa moja kwenye anwani yake, na mara nyingi huangukia kwenye barua taka. Ni afadhali atumie anwani ya chuo. Na profesa akisema "andika wewe, nitatia sahihi", mpe pointi na mifano, ukimwomba kwa heshima aiandike mwenyewe. Barua tatu zenye sentensi za mtu mmoja hujulikana, na zikijulikana, faili zima hutiliwa shaka.

Sasa barua ya nia, kurasa moja hadi mbili. Hapa nina uchungu kidogo, kwa sababu naona vijana wenye swali zuri wakiliacha nyumbani na kuuza mateso. Vita, wakimbizi, baba aliyeachishwa kazi mgodini, mama aliyepigwa. Ni kweli zote, na si haki kumwambia mtu azifiche maisha yake yote. Lakini mwaka 2006 Drew Appleby na Karen Appleby walichapisha uchunguzi waliouliza wakuu wa kamati za saikolojia Marekani ni nini kinachoua ombi. Kati ya majibu lilikuwemo hili: barua zinazofichua mno maisha binafsi, hasa magonjwa ya akili ya mwombaji mwenyewe. Mengine ni barua dhaifu za mapendekezo, kutoijua programu, uandishi mbovu, na kujitutumua ili kuwavutia. Msomaji wa kamati anatafuta mtu wa kufanya naye kazi miaka mitano. Mateso yanamwambia ulikotoka. Hayamwambii kama unajua kuuliza swali.

Na maswali tunayo. Tazama moja tu. Kipimo cha unyogovu kiitwacho PHQ-9 kina vipengele 9, na toleo lake la Kiswahili limepimwa Kenya. Lilete Katuba, umwulize mama kama katika wiki mbili zilizopita amejisikia "mwenye huzuni, aliyevunjika moyo". Anaweza kusema hapana, kisha palepale akaongeza: "Ila niko na mawazo mingi, na roho inaniuma." Je, mawazo hayo ni kitu kilekile kinachopimwa na kipengele cha huzuni? Au ni hofu ya minervali (ada ya shule) ya watoto, ambayo ni busara na si ugonjwa? Kipimo cha Kenya kikimhesabu mama huyu mzima, kimemkosa. Kikimhesabu mgonjwa kwa sababu ya minervali, kimemkosa vilevile.

Mwombaji anayeandika hivyo, kisha akaeleza hatua zake, ameshafunguliwa mlango nusu. Hatua zenyewe: watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, wa tatu asiyeiona ya asili arudishe kwenye lugha ya kwanza, kamati ndogo ilinganishe, watu kama kumi wa rika na elimu tofauti wasomewe kila kipengele na kuulizwa wameelewa nini, ndipo kipimo kiende kwa watu 200 au 300 ili muundo wake uchunguzwe kwa takwimu. Aonyeshe pia kwamba hajafikiri yuko peke yake. Cindy Mels na wenzake mwaka 2010 walichapisha jinsi walivyorekebisha vipimo viwili kwa vijana wa mashariki mwa Kongo. Judith Bass na wenzake mwaka 2013 walichapisha jaribio la tiba ya kikundi kwa wanawake wa Kivu walionusurika ukatili wa kingono, tiba iliyotolewa na wasaidizi wa jamii waliofunzwa. Ukizitaja kazi hizo useme pia zimeacha nini wazi kwa mji kama wetu, wenye Kiswahili chake na migodi yake. Hicho ndicho kifungu ambacho promoteri atakipigia mstari.

Ukiitwa kwa mahojiano, ujue umeshapita ungo mkubwa. Marekani huwa Januari na Februari, Machi mwanzoni kwa wengine. Ufaransa shule za doktora nyingi huita Mei na Juni, mbele ya jopo, dakika kama kumi za kueleza mradi kisha maswali. Kwa sisi tulio mbali hufanyika kwa video. Hesabu saa kwa makini: Januari, saa 10:00 ya New York ni 17:00 ya Lubumbashi, na saa 10:00 ya Brussels ni 11:00 ya hapa. Machi wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi, kwa hiyo New York inasogea karibu kwa saa moja na Brussels inalingana nasi. Andika saa zote mbili kwenye barua ya kukubali mwaliko.

Januari saa 17:00 hapa ni saa ya mvua. Anayehojiwa chini ya mabati wakati huo hatasikika. Mvua ikishuka, kinasasauti cha kompyuta kinachukua ngurumo na kumwacha yeye. Tafuta siku chache kabla chumba chenye dari, kiwe cha rafiki au cha ofisi. Chukua vipokezi vya masikioni vyenye kinasasauti chao. Chaji kompyuta na betri ya pembeni asubuhi, kabla ya delestaji (umeme kukatwa kwa zamu). Weka mega kwenye laini mbili za kampuni tofauti, moja kwenye modemu na nyingine kwenye simu iliyo tayari kurushia mtandao. Saa moja ya video yenye picha nzuri inaweza kula gigabaiti moja na zaidi, basi nunua tatu. Na mapema umpe mwenyeji namba ya simu, ili mtandao ukikatika wakupigie, na useme hivyo mwanzoni bila kuomba radhi mara kumi.

Swali la kwanza karibu daima ni memwari. Jibu la dakika mbili, si kumi: swali lilikuwa nini, watu gani na wangapi, ulipima kwa nini, ukapata nini, kasoro ilikuwa wapi. Sehemu ya mwisho ndiyo wengi huiruka, wakidhani kukiri kasoro ni kujiangusha. Ni kinyume chake. Utaulizwa pia kwa nini ulichagua watu 100. "Ndivyo memwari zinavyofanywa" ni jibu linalomaliza mahojiano. Jua hesabu: kulinganisha vikundi viwili kwa tofauti ya ukubwa wa kati, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti iliyopo) na kiwango cha asilimia 5 (hatari ya kuona tofauti isiyopo), kunahitaji watu 64 kwa kila kikundi, uhusiano wa 0.3 kati ya vitu viwili unahitaji watu 84 au 85. Ukiwa na 100 uliweza kuona uhusiano huo, na hukuweza kulinganisha vikundi vinne. Sema hivyo. Memwari zetu nyingi huishia kwenye asilimia na khi-mraba. Promoteri atataka kujua kama uko tayari kwenda mbele, na anayeweza kusema "nimejifunza regresheni kwa programu ya R, nikairudia data ya memwari yangu" amejibu kabla hajaulizwa. R haina gharama.

Kuna jambo la adabu. Hapa mwanafunzi mbele ya Papa Prof huongea kidogo, huangalia chini, hujibu alichoulizwa na kukoma. Ni malezi mema. Kwenye video, mbele ya mtu asiyeyajua malezi hayo, ukimya huo husomwa kama kichwa kitupu. Profesa akipinga mradi wako, kwa mfano akisema kipimo chako kitapima umaskini badala ya unyogovu, hakutukani. Anajaribu kuona mnavyoweza kubishana. Kubali kilicho kweli, tetea kinachoteteka: "Hatari hiyo ipo, ndiyo maana nitapima hali ya uchumi kando na kuiweka kwenye hesabu." Mtu anaweza kusema hivyo kwa sauti ya chini na heshima yake yote. Kinachoangusha upande wa pili ni kusema "promoteri wangu ndiye alitaka hivyo", au "tulifanya" kila mahali hadi haijulikani wewe ulifanya nini.

Wataacha nafasi ya maswali yako. Uliza yanayokuhusu: nani anagharimia miaka yote, na kwa kazi gani, wanafunzi wake waliotangulia wako wapi sasa, nikikusanya data Lubumbashi, safari ni ya mfuko gani, kamati ya maadili ya utafiti ni ya kwenu, ya hapa, au zote mbili. Hilo la mwisho huwafurahisha, kwa sababu wengi hawaliulizi. Kesho yake tuma barua ya shukrani ya mistari minne kwa kila aliyeongea nawe.

Kuhusu pesa: ada ya kuomba Marekani ni kama dola 50 hadi 100 kwa kila chuo, mitihani ya TOEFL (wa Kiingereza) na GRE (wa kuingilia masomo ya juu) inaweza kupita dola 200 kila mmoja. Programu nyingi zimeacha kudai GRE tangu 2020, na baadhi husamehe ada ukiomba kabla ya kutuma faili. Vyuo sita vilivyochaguliwa kwa sababu ya promoteri ni bora kuliko kumi na tano vilivyochaguliwa kwa jina. Kukubaliwa bila ufadhili usikuhesabu kuwa kukubaliwa. Ubalozi nao utauliza ni nani analipa. Vyuo vingi vya Marekani vinakupa hadi Aprili 15 kujibu ofa yenye ufadhili, kwa hiyo ukisukumwa ujibu Februari, omba muda kwa utulivu.

Jibu la hapana likija, mwandikie promoteri barua fupi: ahsante, na je, ni kitu kimoja gani kingeimarisha ombi langu? Wengi hawatajibu. Anayejibu hutaja kitu cha kushikika, takwimu, Kiingereza, au mradi mpana mno, na kutoka Aprili hadi Septemba kuna miezi mitano ya kukifanyia kazi: kurudia data ya memwari kwa R, kuandika makala moja pamoja na promoteri wa hapa, na kulipunguza swali mpaka liingie kwenye sentensi moja.